Taj Mahal ni kaburi: namna ya kuyasoma majengo ya Wamughal kwa siku moja

Mtu wa kwetu haendi India kutalii. Anampeleka mgonjwa Delhi au Chennai, anasoma chuo Pune, au anafuata vitambaa na vipuri Mumbai. Utalii hujileta wenyewe katikati ya safari: daktari amesema majibu ya vipimo ni keshokutwa, mgonjwa amepata nafuu kidogo, na mtu mmoja chumbani anasema, "Jamani, tumefika mpaka huku, turudi bila kuiona Taj Mahal?"

Ndivyo ilivyokuwa nilipomsindikiza mama mdogo. Jioni nikatuma picha kwenye kundi la familia, na majibu yakaja moja baada ya jingine. Binamu: "Mashaallah, msikiti mzuri." Mjomba: "Kumbe ikulu ya India ni nyeupe hivi?" Shangazi akauliza kama tulioneshwa mahali walipokatwa mikono mafundi. Mdogo wangu akaandika kwamba amesoma mahali kuwa lile ni hekalu la Wahindu lililoporwa.

Watu wanne wenye akili zao, majibu manne, na hakuna hata moja lililo sahihi. Siwalaumu. Majengo haya huoneshwa kwa picha tu, tena kutoka upande uleule mmoja, na waongozaji wa watalii husimulia kinachosisimua. Humo humo India majengo haya yamekuwa mada ya kesi, mijadala ya bungeni na ugomvi wa mitandaoni. Basi nijaribu kulifungua fundo hili polepole, kwa kufuata njia tuliyopita siku ile.

Wamughal ni nani?

Neno "Mughal" ni Kiajemi, na maana yake ni Mmongolia. Linapotosha kidogo. Mwanzilishi wa dola hiyo, Babur, alizaliwa mwaka 1483 katika bonde la Fergana, upande wa Uzbekistan ya leo. Kwa mama alitokana na Genghis Khan, Mmongolia kweli. Kwa baba alikuwa wa ukoo wa Timur, mtawala mshindi wa Asia ya Kati, na huo ndio aliojivunia. Aliandika kumbukumbu zake kwa Kituruki, na kizazi baada ya kizazi wajukuu zake wakaendesha serikali kwa Kiajemi. Mwaka 1526 alimshinda sultani wa Delhi, Ibrahim Lodi, katika vita vya Panipat, na hapo dola ikaanza.

Wafalme sita wa mwanzo walirithiana baba kwa mwana: Babur, Humayun, Akbar, Jahangir, Shah Jahan, Aurangzeb. Shika majina hayo kwa mpangilio wake. Karibu kila jengo utakaloliona lina mmoja wao nyuma yake, na kila mjenzi alikuwa amekwisha kuliona la baba yake.

Kuna kosa ambalo hata madereva wa teksi wa Delhi hulifanya: kudhani kila kuba na kila mnara wa zamani ni wa Wamughal. Babur hakukuta nchi isiyo na Waislamu. Masultani walikuwa wametawala Delhi kwa zaidi ya miaka 300 kabla yake. Qutub Minar, ule mnara mrefu mwekundu wa kusini mwa Delhi, ni kazi ya masultani hao, na msingi wake uliwekwa mwishoni mwa karne ya 12. Hawa Mahal ya Jaipur ni ya wafalme wa Kirajput, Wahindu. India Gate ni ya Waingereza. Mara nyingi vyote hivi huwekwa katika ziara moja, na mtu anarudi nyumbani akidhani amewaona Wamughal siku nzima.

Msamiati ambao tayari unao

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu lugha ya majengo haya ilikunywa Kiarabu na Kiajemi kama yetu. Taj ni taji lile lile la kichwani. Mahal ni ndugu wa mahali, ila India neno hilo limefikia kumaanisha kasri, na hapo ndipo mjomba alipoteleza. Jina la jengo kwa kawaida huelezwa kuwa ni ufupisho wa jina la aliyezikwa ndani yake, Mumtaz Mahal, mke wa Shah Jahan. Aliyepita madrasa anaijua mumtaz: alama ya juu kabisa kwenye karatasi ya mtihani. Kwa hiyo jina la heshima alilopewa mke huyu lilikuwa kama kusema "mteule wa kasri". Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Arjumand Banu.

Ndani ya ngome utaoneshwa Diwan-i-Am na Diwan-i-Khas. Diwan ni baraza, na mtu wa baraza kwetu tunamwita diwani. La kwanza ni la watu wote; la pili ni mahususi, na ukisikiliza vizuri utaisikia "khas" ndani ya neno hilo. Neno jingine, "jawab", nitalirudia tukifika Agra, mji wa Taj Mahal.

Alfajiri, kaburi la Humayun

Ushauri wangu mkubwa kwa mwenye siku moja ni huu: usianze na Taj Mahal. Anza Delhi, jua linapochomoza, kwenye kaburi la Humayun. Ukiliona hili kwanza, la Agra litakusomekea lenyewe.

Humayun hakuwa na bahati. Alirithi mwaka 1530, akafukuzwa na Sher Shah Suri, mtawala wa Kiafghani, mwaka 1540, akakimbilia kwa mfalme wa Uajemi, akarudi Delhi mwaka 1555, na miezi michache baadaye akateleza kwenye ngazi za maktaba yake akafa. Ila uhamishoni alikuwa ameona namna Waajemi wanavyojenga. Mjane wake, Bega Begum, ndiye anayetajwa kuwa mwenye shughuli ya kaburi, na fundi mkuu alikuwa Mirak Mirza Ghiyas, mtu wa huko Uajemi na Asia ya Kati. Kazi ilikwenda miaka ya 1560 na kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 1570.

Mambo mawili ya kuangalia pale. La kwanza ni bustani. Imegawanywa sehemu nne kwa njia na vijito vyembamba vya maji, na kila sehemu imegawanywa tena. Kiajemi huiita chahar bagh, bustani nne. Kwa mchoro huo walitaka kumlaza maiti ndani ya mfano wa Pepo, bustani zipitazo mito kati yake, kama Qurani inavyoieleza. Ndiyo maana kaburi limekaa katikati kabisa, pale njia zote zinapokutana.

La pili ni kuba. Kwa kweli ni mbili, moja ndani ya nyingine. Fikiria mzee aliyevaa kofia, kisha akapiga kilemba juu yake. Kilemba ni cha kuonwa na watu kutoka mbali, kwa hiyo ni kikubwa na kimeinuka. Kofia ndiyo inayokikaa kichwa. Kuba ya nje huonekana na wasafiri wa barabarani, ya ndani huteremka chini ili chumba kisigeuke kisima. Taj Mahal imejengwa kwa mbinu hiyo hiyo.

Kaburi hili lilikuwa limechakaa. Waliolitengeneza ni Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni pamoja na idara ya mambo ya kale ya India: bustani ilikamilika mwaka 2003, jengo lenyewe mwaka 2013. Mfuko huo ndio uliofufua bustani ya Forodhani na lile jengo la zahanati ya zamani pale Mji Mkongwe. Aliyewahi kukaa Forodhani jioni na mishikaki yake ameketi juu ya kazi ya watu wale wale.

Mama mdogo alizunguka lile jukwaa, akahesabu makaburi hadi akachoka, maana wa ukoo ule waliozikwa pale ni zaidi ya 100. Kisha akaniuliza swali ambalo nilijua litakuja: "Mwanangu, dini imeruhusu haya?" Nitalijibu mwisho.

Agra: ikulu iko huku

Barabara ya Yamuna, yenye urefu wa kilomita 165, ilifunguliwa mwaka 2012 na imeirahisisha safari. Mchana mnafika. Usiipange safari hii Ijumaa: Taj Mahal hufungwa kwa watalii siku hiyo, na wanaoruhusiwa ni wanaokwenda kusali.

Anza na ngome, kwa sababu hapa ndipo anapopata jibu lake mjomba. Wafalme waliishi hapa. Akbar aliijenga upya kwa mawe mekundu ya mchanga kati ya mwaka 1565 na 1573, na mjukuu wake Shah Jahan akaongeza kumbi za marumaru nyeupe. (Tanzania tukisema marumaru siku hizi tunafikiria vigae vya sakafuni kutoka dukani. Hapa nazungumzia jiwe lenyewe, lililochimbwa Makrana, Rajasthan.) Nyekundu kwa nyeupe ndiyo saa yako: penye jiwe jekundu tupu, sema Akbar, penye nyeupe iliyonakshiwa, sema Shah Jahan. Haikosei mara nyingi.

Kwenye kona ya upande wa mto kuna baraza la pembe nane, Musamman Burj. Mwaka 1658 Aurangzeb alinyakua kiti na kumfungia baba yake humu ndani ya ngome. Shah Jahan alikaa kifungoni miaka 8, hadi alipofariki mwaka 1666, na binti yake Jahanara akakaa naye muda wote. Ukisimama pale unaiona Taj Mahal ng'ambo ya kona ya mto, ndogo, kama imechorwa kwenye bahasha.

Ng'ambo ya mto kuna kaburi ambalo watalii wengi huliruka, nami nasikitika kila nikilifikiria, kwa kuwa ndilo daraja kati ya Humayun na Taj. Malkia Nur Jahan, mke wa Jahangir, alilijenga miaka ya 1620 kwa ajili ya baba yake, aliyeitwa Itimad-ud-Daula. Ni dogo, lina minara mifupi minne, na lote limevikwa marumaru nyeupe. Hapa ndipo rangi inapohama kutoka nyekundu kwenda nyeupe. Ukuta mzima umepambwa kwa vipande vya mawe ya rangi vilivyopachikwa ndani ya marumaru: jiwe huchimbwa umbo la ua, kisha kipande chenye umbo lile lile hukatwa na kuingizwa mpaka kidole kisihisi kiungo. Mafundi wa Lamu walifanya hivyo kwa pembe za ndovu kwenye viti vya enzi. Na vile viambaza vya marumaru vilivyotobolewa vinapitisha mwanga kama kofia ya viua iliyoinuliwa juani.

Taj Mahal yenyewe

Mumtaz Mahal alifariki mwaka 1631 mjini Burhanpur, akijifungua mtoto wake wa 14. Alizikwa huko kwanza, kisha mwili ukaletwa Agra. Ujenzi ulianza mwaka 1632. Kaburi lenyewe lilikamilika miaka kama 11 baadaye, na majengo yote yaliyolizunguka yakafika mwisho mwaka 1653. Fundi mkuu anayetajwa ni Ustad Ahmad Lahori. Maandishi ya Qurani yaliandikwa na Amanat Khan wa Shiraz, na herufi huongezeka ukubwa kadiri zinavyopanda, ili aliye chini azione zote sawa. Kwenye lango kuu kuna Sura ya Al-Fajr, ile inayoishia na nafsi iliyotua kuitwa irudi kwa Mola wake na kuingia Peponi. Ukivuka lango hilo, mbele yako ni bustani. Aliyelipanga alijua anachokifanya.

Sasa binamu na msikiti wake. Njia rahisi ni kutafuta kibla. Sisi wa Pwani, Makka iko kaskazini, kwa hiyo tunamlaza maiti mashariki kwa magharibi. India Makka iko magharibi. Jengo kubwa jeupe halina mihrabu wala safu za kuswalia, na maiti wake wamelazwa kaskazini kwa kusini, wakielekea magharibi. Ni kaburi. Msikiti upo, ni jengo jekundu la kando, upande wa magharibi, na Ijumaa husaliwa. Upande wa mashariki kuna jengo jingine jekundu linalofanana nalo kama pacha, ila halina mihrabu. Jina lake ni jawab: jawabu. Msikiti umeuliza, lile limejibu, ili kaburi lisimame katikati bila kuelemea upande.

Ndani, chini ya kuba inayofika mita 73 juu ya ardhi, yale majeneza mawili ya marumaru ni alama tu. Makaburi ya kweli yako chumba cha chini, mahali watalii hawashuki. La Mumtaz liko katikati kabisa. La Shah Jahan liko kando, kubwa kidogo, na ndilo kitu pekee kilichovunja usawa wa mahali pote. Juu ya la mume kumechongwa kisanduku cha kalamu, qalamdan. Juu ya la mke kuna umbo la ubao wa kuandikia. Ni desturi yao ya kutofautisha kaburi la mwanamume na la mwanamke.

Tofauti na la Humayun, kaburi hapa haliko katikati ya bustani bali mwisho wake, ukingoni mwa mto. Hilo liliwachanganya watu kwa muda mrefu. Jibu liko ng'ambo: kuna bustani nyingine, Mehtab Bagh, bustani ya mwezi, iliyopangwa sambamba na hii. Ukizihesabu pamoja, na mto ukiwa njia ya maji ya kati, kaburi linarudi katikati.

Visa vinavyosafiri

Hapa ndipo pia unapozaliwa uvumi wa Taj nyeusi, kwamba Shah Jahan alitaka kujijengea kaburi lake kwa jiwe jeusi ng'ambo ya mto. Mfaransa Tavernier, aliyefika Agra karne ile, aliandika kwamba mfalme alianza kujijengea kaburi upande wa pili. Wachimbaji wa miaka ya 1990 walikuta bwawa kubwa la pembe nane, na mawe yaliyodhaniwa meusi yalikuwa meupe yaliyobadilika rangi.

Kisa cha mikono ya mafundi, alichouliza shangazi, hakina shahidi wa zama zile. Ushahidi uliopo unasema kinyume. Mwaka 1639, Taj ikiwa bado haijaisha, Shah Jahan alianza ngome nyekundu ya Delhi, na Ustad Ahmad yule yule akahusika. Mtoto wa ustadi huyo, Ataullah, akaja kujenga Bibi Ka Maqbara kule Aurangabad, kaburi la mke wa Aurangzeb linalofanana na Taj kama mdogo mtu. Mfalme aliyepanga kujenga mji mzima hakati mikono inayomjengea. Visa vya aina hii hufuata majengo makubwa kila nchi. Unguja tunasimuliwa kwamba udongo wa kasri ya Dunga ulikandwa kwa damu ya watumwa.

La hekalu ni zito zaidi, na ndilo linaloleta habari. Dai hili lilienezwa na mwandishi mmoja wa India katika karne ya 20. Mahakama ya Juu ya India ilitupilia mbali ombi lake mwaka 2000. Mwaka 2017 idara ya mambo ya kale iliieleza mahakama ya Agra kwamba jengo ni kaburi. Mwaka 2022 mtu mwingine akaomba vyumba 22 vya chini vifunguliwe vichunguzwe, naye akakataliwa na mahakama ya Allahabad. Kuna punje ya ukweli iliyovimba: kiwanja kilikuwa cha Raja Jai Singh wa Amber, Mhindu, na hati ipo inayoonesha Shah Jahan alimpa nyumba nne kama fidia. Kiwanja kilibadilishwa. Hekalu halimo katika hati hiyo.

Nyuma ya ugomvi kuna swali kubwa zaidi: Wamughal ni wageni au ni Wahindi? Mwaka 2023 sura inayohusu mabaraza yao iliondolewa kwenye kitabu cha historia cha darasa la 12. Mimi naona jibu limo katika nasaba. Babur alikuja kutoka nje, hilo halina ubishi. Lakini Shah Jahan alizaliwa Lahore, mama yake Mrajput, na bibi yake mzaa baba pia Mrajput. Kumwita mgeni mtu wa namna hiyo ni kumfukuza kwa wajomba zake mwenyewe. Aurangzeb alirudisha jizya, kodi ya wasio Waislamu, ambayo Akbar aliiondoa mwaka 1564, na alivunja mahekalu. Watu wana haki ya kulikumbuka hilo. Hilo halimfanyi Akbar awe Aurangzeb, wala jiwe la Makrana liwe la kigeni.

Swali la mama mdogo

Wanazuoni wengi wanachukia kujenga juu ya kaburi, na Wamughal waliyajua mafundisho hayo. Ukitazama vizuri utaona walivutana nayo ndani ya nyumba moja. Babur alitaka kaburi lililo wazi kwa mvua, na yuko Kabul kwenye bustani. Aurangzeb, mwana wa aliyejenga Taj Mahal, amelala Khuldabad chini ya mbingu, bila kuba. Nasi wa Pwani hatuko nje ya mvutano huo: nenda Kaole, nenda Malindi, uone makaburi yenye nguzo ndefu na mahali palipopachikwa bakuli za Kichina.

Kesho yake, kabla ya kurudi hospitali, tulipita dargah ya Nizamuddin, ziara ya kaburi la walii huyo, karibu na pale tulipoanzia. Uani, ndani ya ua wa marumaru usio na paa, kuna kaburi la Jahanara, yule binti aliyekaa na baba yake ngomeni. Alifariki mwaka 1681. Juu ya kaburi hakuna jiwe: limeachwa wazi, limejazwa udongo, na udongo umeota majani. Maandishi ya Kiajemi upande wa kichwani yanaomba asifunikwe kwa chochote isipokuwa majani.

Mama mdogo alisimama pale muda mrefu kuliko aliposimama Taj Mahal. Halafu akauliza kama baba wa binti huyu ndiye yule wa jana. Nikamwambia ndiye.